Chakula cha Jioni Kabla ya Mchezo



Miongoni mwa barua zilizofika mezani petu juma hili imo moja iliyoandikwa kwa mkono, mistari imenyooka kama gwaride, na mwandishi wake ni mke wa sajini aishiye Juba. Aeleza kwamba mumewe amepata likizo ya siku nne tu baada ya miezi tisa ya kuwa kituoni mbali na nyumbani. Kwamba jirani yao amewapatia tikiti mbili za mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa Nyakuron. Na kwamba katika miaka kumi na miwili ya ndoa yao hawajapata kuingia pamoja katika ukumbi wa michezo, wala kuketi wawili tu katika hoteli wakahudumiwa kama wageni. Auliza: "Tule kwanza au tutazame kwanza? Na kama ni kula kwanza, twende hoteli ya namna gani, maana fedha ni kidogo na jioni ni moja?"

Kwa mtu mwenye jioni nyingi swali hili ni jepesi. Akikosea leo atapatia kesho. Mke wa sajini hana kesho hiyo, kwa kuwa siku ya nne mumewe atafunga mkoba. Kwa hiyo leo nimeweka kando yale niliyoahidi kuhusu kukausha bamia, nami nitamjibu kwa urefu, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita binti wa dada yangu alipewa sehemu katika mchezo ulioigizwa Juba kwa Kiarabu cha Juba. Ilikuwa sehemu ndogo: mwanamke achotaye maji, aingiaye na mtungi kichwani mwanzoni kabisa mwa mchezo, asemaye maneno machache na kuuawa. Kwa muda wa majuma sita alikuwa akiyakariri maneno hayo jikoni mwetu hata watoto wadogo wakayajua. Siku ilipofika, mume wangu, ambaye ni mtu wa kazi za ulinzi na hapendi kwenda mahali na tumbo tupu, alitaka tule kando ya mto kwanza. Tikiti ilisema saa kumi na mbili jioni. Tulifika hotelini saa kumi na robo, tukachagua meza chini ya mwembe, Nile ikipita polepole mbele yetu na maua-maji yakielea. Tukaagiza perege mzima wa kukaanga. Nilijiona mwerevu sana.

Samaki aliletwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Jiko lilikuwa moja la mkaa, mpishi mmoja, na meza tisa zimeagiza vitu tisa mbalimbali. Tulikula upesi tukijichoma vidole, kisha tukangoja chenji, kisha mvua ikanyesha. Sina haja ya kuitaja hoteli hiyo, kwani haikunidanganya. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba samaki atakuwa tayari kwa saa fulani, na mimi sikuuliza. Tulipoingia ukumbini ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na mwanamke mwenye mtungi alikwisha kufa zamani. Baada ya mchezo binti yule alikuja mbio, rangi bado usoni, akaniuliza, "Mama mdogo, mlikaa upande gani? Nilitazama kila safu nikawakosa." Mume wangu alitazama viatu vyake. Nami nilisema tulikaa nyuma.

Tangu siku ile nimekuwa nikiichunguza habari hii kwa makini kuliko mtu wa kawaida, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jambo la kwanza ni kwamba chakula cha kabla ya mchezo hakichaguliwi kwa utamu, huchaguliwa kwa saa. Twaa saa iliyoandikwa kwenye tikiti, uhesabu kurudi nyuma: nusu saa ya kutafuta viti na kusalimiana, nusu saa ya njia, saa moja ya kula bila kujichoma vidole, na nusu saa nyingine ya mambo usiyoyajua, kama mvua au chenji. Mchezo wa saa kumi na mbili wakutaka uwe umeketi mezani saa tisa na nusu. Wengi watacheka kwamba huo si wakati wa chakula cha jioni. Na wacheke. Chakula kitaitwa cha jioni kwa sababu ya mchezo, na ukiona njaa usiku, nyumbani hakukosi kiporo.

Hapa niwaambie jambo kuhusu saa zenyewe. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikaachana na saa ya Nairobi na Kampala. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi haina akili hiyo. Askari atokaye Uganda kwa barabara ya Nimule, asiporudisha mshale, atafika ukumbini saa nzima kabla ya wakati na kumlaumu mkewe kwa kumharakisha. Hilo ni kosa jema. Baya ni la yule aendaye Kampala na saa ya Juba, kwa maana huyo atakuta pazia limekwisha kufunguliwa. Kwa sababu ya badiliko hilo hilo, siku hizi jua la Juba huzama karibu na saa kumi na mbili, kwa hiyo mtakula mchana na kutoka gizani, na nguo zichaguliwe kwa kufikiri hivyo.

Jambo la pili ni mahali. Mto uko mashariki ya mji, na Nyakuron iko upande wa magharibi, na kati yake pana mji mzima wa Juba ukirudi nyumbani kutoka kazini: magari, bodaboda, malori ya maji, na barabara ambazo mvua ikinyesha hugeuka tope jekundu. Najua vizuri mvuto wa mto. Mtu aliyekaa miezi tisa katika vumbi hutamani kutazama maji. Lakini mto hauondoki. Uwekeeni siku nyingine ya likizo, mwende asubuhi na watoto, na samaki achukue saa mbili akitaka. Siku ya mchezo tafuteni hoteli iliyo upande ule ule wa ukumbi, Munuki au Atlabara au Nyakuron kwenyewe, mahali ambapo hata gari likikosekana mwaweza kutembea kwa miguu bila kutokwa jasho. Wenzetu wa Nairobi wamebahatika katika jambo hili: Jumba la Michezo la Taifa, lililofunguliwa mwaka 1952, linatazamana na hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904, na kinachotenganisha chakula na jukwaa ni barabara moja. (Bei ya Norfolk ni habari nyingine, wala mshahara wa sajini usithubutu kuisikia.)

Jambo la tatu, ambalo ndilo kiini, ni aina ya chakula. Vyakula vya hoteli ni vya namna mbili: vilivyokwisha kupikwa vikingoja sahani, na vile ambavyo kupikwa kwake huanza pale unapotamka. Samaki mzima, nyama ya kuchoma waiitayo sheiya, kuku wa kukaanga, hivi ni vya namna ya pili, na kabla ya mchezo ni adui zako hata kama unavipenda. Vya namna ya kwanza Juba inavyo tele. Kuna ful, maharagwe makubwa yaliyochemka polepole tangu asubuhi, yakipondwa na kutiwa mafuta ya ufuta na kitunguu. Kuna mula, yaani mchuzi, wa bamia kavu iliyosagwa au wa majani yaliyotiwa karanga za kusaga, uliwao kwa asida au kwa kisra. Kisra, kwa wasomaji wasioijua, ni mkate mwembamba kama kitambaa, wa unga wa mtama uliochachuka, upakwao juu ya bati la moto na kubanduliwa kwa ustadi ambao mimi baada ya miaka mingi bado sina. Kwa kuwa mkate umeshaokwa na mchuzi umo chunguni, sahani hufika mezani kabla hujamaliza kunawa mikono.

Hoteli za Wahabeshi nazo zafaa sana kwa jioni ya namna hii. Injera ni ndugu wa kisra, michuzi hukaa tayari, na wawili hula sinia moja, jambo ambalo kwa mume na mke waliotengana miezi tisa lina faida isiyopatikana katika sahani mbili. Wakristo wa Kiorthodoksi hufunga nyama siku za Jumatano na Ijumaa, na kwa hiyo siku hizo huwapo sinia la dengu, kabichi, na mboga za rangi mbalimbali, ambalo kwa kawaida gharama yake ni nafuu kuliko la nyama. Ikiwa mchezo wa mke wa sajini ni Ijumaa, basi amepata.

Nami sifichi kasoro. Ful ni chakula kizito, na maharagwe, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kulala katika bweni la kambi, hayana siri. Ukumbi ni wenye joto na viti vimekaribiana. Kula nusu sahani. Mula wa majani ni mpole zaidi.

Siku moja kabla, au asubuhi ya siku yenyewe, mmoja wenu apite hotelini atazame. Asiulize "Mna nini?" kwa sababu atasomewa orodha nzima ya vyakula ambavyo nusu yake haipo. Aulize, "Saa tisa na nusu kitakuwa tayari nini?" Mwenye hoteli hodari atajibu mara moja. Akianza kutazama dari, mshukuru uende zako. Kisha aulize bei, na aiulize kwa paundi ya nchi. Tangu paundi ya Sudan Kusini ilipotolewa Julai 2011, wakati ambapo noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya 100, thamani yake imeshuka mno, hasa tangu mabadiliko ya Desemba 2015. Bei iliyoandikwa kwenye karatasi mwezi uliopita huenda si bei ya leo, na baadhi ya hoteli huhesabu kwa dola kichwani mwao. Mkikubaliana bei mapema, lipeni chakula kinapoletwa na si baada ya kula. Kwa njia hii chenji itatafutwa mkiwa mnatafuna, nanyi mtanyanyuka mkiwa huru. Mume wangu alipinga desturi hii akisema ni ya watu wasioaminiana. Sasa ndiye anayetangulia kutoa noti.

Usafi si jambo la kupita haraka. Juba ilipatwa na kipindupindu mwaka 2014 na miaka iliyofuata, na mlipuko mwingine ulitangazwa nchini Oktoba 2024. Maji ya mji kwa sehemu kubwa huletwa na malori. Tazameni kwanza mahali pa kunawia: je, kuna maji yatiririkayo na sabuni, au kuna beseni moja ambamo wote wametumbukiza mikono? Chakula kije kikitoa mvuke. Saladi mbichi iacheni, hata kama imepangwa vizuri, kwa maana mliyeioshea maji yake hamkumwona. Maji ya kunywa yawe ya chupa ambayo kifuniko chake mmekivunja wenyewe. Askari huwa na tabia ya kusema kwamba matumbo yao yamezoea kila kitu. Matumbo hayo hayo huketi ukumbini saa mbili bila ruhusa ya kutoka mstari.

Sasa neno kwa sajini mwenyewe, ikiwa mkewe atamsomea. Bwana, vaa nguo za kiraia, na silaha ibaki inapotunzwa. Mchezo huwa na milio, vilio na watu wakianguka, na mtazamaji aliyetoka mstari wa mbele juzi huenda moyo ukamruka. Hilo si aibu, ila ni vema mkewe ajue, akae upande wa njia ili waweze kutoka kidogo pakihitajika. Katika hoteli, najua utataka kiti kinachotazama mlango. Kichukue. Lakini meza aichague yeye. Na pombe, kama unatumia, ingoje. Mtu aliyekunywa kabla ya mchezo huwajibu waigizaji.

Inawezekana kwamba baada ya kuhesabu yote mtaona fedha hazitoshi hoteli. Msivunjike moyo, wala msikope kwa ajili ya jioni moja. Kuleni nyumbani na watoto saa tisa, kisha mwende mapema mkaketi kwa mama muuza chai. Wanawake hawa wenye birika, jiko la mkaa na viti vifupi wako karibu kila kona ya Juba, na kahawa yao yenye tangawizi ni kinywaji cha kufaa kabla ya mchezo kuliko sahani yoyote, kwa kuwa huondoa usingizi. Bei ni ya vikombe viwili. Mtaketi, mtahudumiwa, mtazungumza bila mtoto kuvuta nguo. Nijuavyo mimi, hilo ndilo alilolitaka bibi yule alipoandika barua, ingawa aliliita hoteli.

Nimeulizwa pia na msomaji mwingine, kwa ukali kidogo, kwa nini gazeti la familia za askari lijishughulishe na michezo ya kuigiza hali mambo makubwa yapo. Namkumbusha kwamba ukumbi wa Nyakuron ulijengwa katika miaka ya 1970, zama za Serikali ya Mkoa wa Kusini iliyotokana na Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972, yaani miongoni mwa vitu ambavyo watu waliotoka vitani waliona vinawapasa mapema ni mahali pa kukutana na kutazamana. Vita viliporudi, wasanii wa Kusini waliokimbilia Khartoum walianzisha huko kikundi cha Kwoto mwaka 1994, wakaigiza na kucheza ngoma zao wakiwa mbali na kwao. Na mwezi Mei 2012, nchi ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja, waigizaji wa Sudan Kusini walisimama katika jumba la Globe mjini London wakaigiza Cymbeline ya Shakespeare kwa Kiarabu cha Juba, lugha ya sokoni na ya kambini, kwa tafsiri ya Joseph Abuk. Katika tamasha lile lile, lililokusanya michezo 37 kwa lugha 37, Wakenya waliigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, mchezo wenye yule bwana Falstaff mwenye kitambi, ambaye nina hakika hakupata kukosa chakula kwa ajili ya mchezo wowote.

London wamelipanga jambo hili kwa namna ninayoitamani. Hoteli nyingi za mitaa yenye majumba ya michezo huandaa orodha fupi ya jioni mapema, vyakula viwili vitatu kwa bei moja, na mteja akifika hutaja saa ya mchezo wake. Tangu hapo mhudumu ndiye anayetazama saa. Sioni kwa nini mwenye hoteli wa Munuki asiweze kufanya hivyo siku za michezo. Chungu kimoja cha mula, kisra, chai, bei moja iliyoandikwa mlangoni, na ahadi ya kuwatoa watu kwa wakati. Atajaza meza mara mbili kwa jioni moja, kwa kuwa watazamaji wataondoka na walaji wa kawaida wataingia.

Kabla ya kuingia ukumbini, bibi, patana na dereva wa kuwarudisha, mtaje saa na mahali, na umlipe nusu. Barabara nyingi hazina taa, na usiku si wakati wa kusimama kando ya njia mkitafuta bodaboda, hata kwa mke wa sajini mwenye sajini wake. Funguo ya nyumba ibaki kwa jirani yule aliyewapa tikiti, na watoto wawe wamekwisha kula kabla hamjatoka, la sivyo utatazama mchezo huku ukifikiria sufuria.

Binti wa dada yangu alipata sehemu nyingine mwaka uliofuata, kubwa kidogo kuliko ile ya kwanza. Tulikula mula wa majani saa tisa na nusu, mahali padogo penye meza nne, hatua chache kutoka ukumbini, tukalipa chakula kilipoletwa. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumeketi safu ya tatu, mume wangu akilalamika kwamba tumekuja kufagia. Alipoingia jukwaani alitazama safu ya kwanza, akatazama ya pili, akatuona. Alitakiwa kulia katika sehemu ile, na kwa kitambo kidogo akashindwa.

Mke wa sajini atuandikie alikula nini. Juma lijalo, inshallah, bamia.